Naingia wiki ya nne nahesabu ndoo za kufua na kuosha vyombo: kwenye nguo, povu ndilo lililokuwa linatumalizia maji, si wingi wa nguo

MamaWanne
Jumapili, saa 2:40 usiku

Wakuu, habari za Jumapili.

Nyumbani kwetu Goba, Dar es Salaam, tuko watu tisa: mimi na baba watoto, watoto wanne (mkubwa yuko kidato cha pili, mdogo ana miaka mitatu), mama mkwe, mdogo wangu anayesoma chuo, na dada wa kazi. Maji ya bomba yanakuja kwa mgao. Wiki ikiwa nzuri ni siku tatu, ikiwa mbaya ni siku moja tena usiku wa manane. Tanki letu ni la lita 1,000. Likikauka tunanunua maji ya mkokoteni, ndoo shilingi 500.

Kilichonifanya nianze kuhesabu si pesa, ni mikono. Mwezi uliopita dada alinipa kikombe cha chai, nikaona ngozi ya katikati ya vidole vyake imepasuka, nyekundu, na kucha mbili zimeanza kuachana na nyama. Nikamuuliza. Akasema, "Ni sabuni tu mama, itapona." Nilikosa raha siku nzima. Usiku ule nikachukua daftari la mtoto, nikalitundika jikoni pamoja na kalamu, nikamwomba kila akichota ndoo apige mstari mmoja. Ukurasa wa kushoto nguo, wa kulia vyombo.

Wiki ya kwanza nguo zilipata mistari 42, maana tunafua mara tatu kwa wiki na kila mara ni ndoo 14. Vyombo mistari 21. Jumla ndoo 63. Sasa ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20. Piga hesabu: huyu binti alikuwa anabeba kilo 1,260 za maji kwa wiki, kutoka kwenye tanki mpaka uani, bado hatujaweka maji ya kudekia, kuoga wala kupika. Nilirudia ile hesabu mara mbili nikidhani nimekosea.

Jumamosi nikaketi naye uani tangu mwanzo mpaka mwisho. Ndipo nikaona. Katika ndoo 14, zilizofua nguo ni nne tu. Kumi zote zilikwenda kwenye kusuuza. Alikuwa anamimina kikombe kizima cha chai cha sabuni ya unga kwa kila beseni, na hivyo ndivyo nilivyomfundisha mwenyewe alipokuja. Povu linapanda mpaka linamwagika chini. Nguo inatakata, sikatai, lakini shati moja la shule lilisuuzwa mara nne na mara ya nne bado lilikuwa linateleza mkononi, na juu ya maji kuna utando mweupe. Sabuni ile yote iliyoingia lazima itoke, na haitoki bila maji. Kumbe tulikuwa tunalipia povu mara mbili, dukani na kwenye ndoo. Mara ya tatu alikuwa analilipia yeye kwa vidole vyake.

Kwa hiyo tukabadilisha hivi.

Sabuni sasa ni vijiko viwili vya kula, vilivyosawazishwa kwa kidole, kwa nusu ndoo ya maji (lita 10). Nguo zinalowekwa nusu saa kabla mtu hajazigusa. Kola na makwapa zinapakwa sabuni ya mche zikiwa mbichi, zinakaa wakati huohuo. Hapo ndipo uchafu wenyewe ulipo, shati lingine lote ni vumbi na jasho, halihitaji vita. Nguo za damu au maziwa zinalowekwa kwa maji baridi. Ya moto yanapika doa likashika.

Halafu kukamua. Hili naomba mlishike hata mkiacha mengine. Nguo ikitoka kwenye sabuni ikamuliwe sana kabla ya kuingia kwenye maji ya kusuuza, kwa sababu kila maji yanayobaki ndani ya nguo ni maji ya sabuni unayahamishia kwenye maji masafi. Sisi tulikuwa tunabana kidogo tu tunatupia. Shuka zinakamuliwa na watu wawili, mmoja huku mmoja kule, mnazungusha. Kijana wangu wa kidato cha pili ndiye mkamuaji wa shuka na mataulo, mikono anayo.

Kusuuza sasa ni mabeseni mawili yaliyopangana. Maji masafi yanaingia beseni la mwisho tu. Beseni la kwanza likichafuka linamwagwa kwenye ndoo ya deki, lile la mwisho linasogea kuwa la kwanza, na mapya yanawekwa nyuma. Nyeupe zinapita kwanza, kisha za rangi nyepesi, kisha jinzi na nguo za kushindia. Maji ya sabuni yaliyofua nyeupe ndiyo yanayoloweka jinzi.

Tumetoka ndoo 14 tukafika ndoo 8 kwa kila ufuaji. Mfuko wa sabuni wa kilo moja uliokuwa unaisha kwa wiki, huu wa sasa umeingia wiki ya tatu na bado upo.

Kuhusu vyombo nitaandika kesho, usingizi umenishika.

---

Mzee wa Kigamboni
Jumapili, saa 3:15 usiku

Asante dada kwa uzi huu. Niongezee jambo moja kwa sisi wa visima. Huku kwetu maji ni ya chumvi na ni magumu. Sabuni ya mche haitoi povu, inaganda kama maziwa yaliyokatika na kuacha utando wa kijivu kwenye nguo. Shida ni chokaa na magnesiamu zilizomo kwenye maji, zinashikana na sabuni kabla haijafika kwenye uchafu. Watu wanazidi kuongeza sabuni wakidhani ni chache, kumbe wanaongeza utando.

Mimi natia kwanza magadi ya kufulia kijiko kimoja kwenye ndoo, nakoroga, nasubiri, kisha ndiyo sabuni ya unga. Sabuni ya unga inavumilia maji ya chumvi kuliko ya mche. Ndoo moja ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, natunza kwa ajili ya kusuuzia nyeupe mara ya mwisho. Lakini magadi yasiguse sufuria za alumini, yanazitia weusi na kuzila.

---

Binti Usambara
Jumapili, saa 3:52 usiku

Dada MamaWanne pole sana kwa huyo mdogo wetu, na ubarikiwe kwa kumwona. Niliwahi kufanya kazi za ndani miaka mitatu kabla sijapata mtaji wa kibanda. Kufua nguo za watu wanane si kazi, kazi ni kusuuza. Unainama mpaka kiuno kinawaka. Mnyanyulie mabeseni, yaweke juu ya benchi au tofali, asifue akiwa ameinama. Na umpe glavu, ila kwanza apake mafuta ya mgando usiku mpaka ile mipasuko ifunge, maana glavu juu ya kidonda zinafukuta.

---

MamaWanne
Jumatatu, saa 11:20 jioni

Binti Usambara, ahsante mno mdogo wangu. Leo asubuhi baba watoto amepanga matofali sita uani, mabeseni yamefika usawa wa mapaja. Dada amefua amesimama. Sikuwahi kuwaza kitu chepesi namna hii.

Mzee, shikamoo, nimekuelewa. Kwa wenye paa la bati, mvua za masika na vuli zisipotee. Maji ya mvua hayana chokaa, sabuni kidogo tu inapanda povu, kwa hiyo punguzeni hata vile vijiko viwili. Mimi naacha dakika kumi za mwanzo zioshe paa, kisha naweka pipa.

Sasa vyombo.

Kabla ya kuosha niliamua nihesabu tu. Siku moja ya Jumanne, watu tisa, tuliosha vikombe 31. Kila anayetaka maji anachukua kikombe kipya, anakunywa mafunda mawili, anakiacha kwenye sinki. Hakuna sabuni wala ujanja utakaotibu hilo. Nikanunua vikombe tisa vya plastiki ngumu, kila kimoja nikakifunga uzi wa rangi yake kwenye mkono, nikapigilia misumari tisa kwenye ubao. Ukimaliza kunywa maji unakisuuza chako na kukitundika. Mama mkwe mwanzoni alisema kikombe cha msumari ni cha bweni. Sasa ndiye askari wa ubao, mtoto akichukua cha mwenzake anamrudisha.

Kabla chombo hakijaguswa na maji, kifutwe. Mabaki kwenye ndoo ya kuku wa jirani, mafuta yanafutwa kwa karatasi ya daftari la zamani. Mchuzi wa nazi na mafuta ya samaki ndivyo vinavyochafua beseni zima, sahani mbili tu za mafuta zikiingia mwanzo, glasi zote zinazofuata zinatoka na ukungu. Kwa hiyo glasi na vikombe kwanza, kisha vijiko, kisha sahani, kisha mabakuli ya mboga, sufuria mwisho, kikaangio mwisho wa mwisho. Mafuta msimwage kwenye sinki, yanaganda kwenye bomba na fundi wa kuzibua hatozi ndoo moja.

Maji ya moto ni ya vyombo vya mafuta peke yake. Nusu birika inatosha, na tunalichemsha juu ya makaa yaliyobaki baada ya kupika.

Sufuria ya ugali ndiyo iliyokuwa inatutoa jasho. Dada alikuwa anakwangua kwa kijiko na stiliwaya, robo saa nzima, ndoo karibu nusu. Mama mkwe akamwambia aiache. Ukishaepua ugali, irudishe sufuria tupu juu ya jiko linalozima, bila mfuniko. Ukoko unakauka pembeni, unaanza kujikunja, baada ya muda unasikia unatatarika. Unaushika kwa vidole unabanduka wote kama karatasi, na watoto wanaugombea. Inayobaki ni sufuria ya kufuta kwa dodoki. Ukichelewa makaa yakafa, weka maji baridi kidogo chini, ufunike, uendelee na mengine.

Masizi: kabla ya kuweka sufuria kwenye kuni au mkaa, paka kitako chake kwa nje majivu yaliyokorogwa na maji, au sabuni ya mche iliyolowa. Masizi yanashika kwenye ile tabaka, ukisuuza yanaondoka nayo. Bibi zetu walifanya hivi na mimi nilikuwa nimeacha tangu nipate gesi, mpaka gesi ilipopanda nikarudi kwenye mkaa kwa maharage.

Vyombo vimeshuka kutoka ndoo 21 hadi 11 kwa wiki.

---

Nyambura wa Umoja
Jumatatu, saa 1:05 usiku

Hujambo dada, mimi niko Nairobi, mtaa wa Umoja. Huku tunaita mtungi, nao ni lita ishirini vilevile. Kwangu anakuja mama fua kila Jumamosi, namlipa kwa siku. Swali langu: mimi nikirudi kazini usiku naosha vyombo kwa bomba kwa sababu ya uchovu, nafungua maji nasuuza kimoja kimoja. Je, hiyo nayo ni hasara kubwa ama ni kidogo tu?

---

MamaWanne
Jumatatu, saa 1:30 usiku

Nyambura dada yangu, ni kubwa. Pima hivi: weka mtungi chini ya bomba, fungua kama unavyofungua ukiosha, tazama saa. La kwangu linajaza ndoo ya lita 20 kwa dakika mbili na nusu, sawa na lita 8 kwa dakika. Ukisuuza dakika kumi hujafunga, umemaliza mitungi minne. Kama mita yako inasoma kwa uniti, uniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50. Weka mabeseni mawili madogo ndani ya sinki, moja la sabuni moja la kusuuza, hata ukiwa umechoka. Uchovu nauelewa sana.

Na huyo mama fua, akija akute nguo zimeshalowekwa tangu umeamka. Atamaliza mapema na kiuno chake kitakushukuru.

---

Fundi wa Ilala
Jumanne, saa 3:10 asubuhi

Kwa nini msinunue mashine? Mimi nina ile ya matundu mawili, upande wa kufua na upande wa kukausha. Nyumba yetu watu saba.

---

MamaWanne
Jumanne, saa 6:45 mchana

Fundi, tumeiwaza. Naomba utueleze unavyoitumia, hasa maji.

---

Fundi wa Ilala
Jumanne, saa 7:20 mchana

Uzuri wa ya matundu mawili ni kwamba maji unayaamuru wewe. Najaza mara moja, nafua nyeupe, nazitoa nazipeleka upande wa kukausha zizungushwe, zile za rangi zinaingia kwenye maji yaleyale, kisha jinzi. Mizigo mitatu kwa maji mamoja. Zikizungushwa sabuni inatoka nyingi, kama ulivyosema kuhusu kukamua, kwa hiyo kusuuza ni mara moja au mbili. Wakati wa masika nguo inatoka nusu kavu. Haichemshi maji, umeme inaokula ni mdogo. Zile zinazofungua maji zenyewe kila hatua zinahitaji bomba lenye presha na maji ya uhakika, kwa mgao zitakutesa.

---

MamaWanne
Jumanne, saa 2:00 usiku

Nimekuelewa vizuri. Kwa nyumba ya watu tisa naona ni matumizi halali na si anasa, nimeiweka kwenye mpango wa mchezo wetu wa kupokezana pesa, zamu yangu ni Septemba. Nitachukua hiyo ya matundu mawili.

Kwa upande wa umeme, kilichokuwa kinatula si kufua, ni pasi. Kila asubuhi pasi inawaka kwa shati moja, inachukua dakika kupata moto, inazimwa, saa moja baadaye mwingine anaiwasha tena. Ukiwa kwenye lile kundi la umeme wa bei nafuu, la uniti 75 kwa mwezi, ukizivuka bei inaruka, na pasi ni kitu cha wati 1,000 na zaidi. Sasa tunapiga pasi Jumapili jioni, sare zote za wiki kwa mkupuo. Nguo zinaanuliwa zikiwa na unyevu kidogo na kukunjwa vizuri palepale kwenye kamba. Nguo iliyokung'utwa kabla ya kuanikwa inahitaji nusu ya pasi.

Ila nguo za mtoto mdogo, na yoyote iliyoanikwa kwenye majani au ikaanguka chini, zipigwe pasi pande zote mbili hata kama hazina mkunjo. Kuna inzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi na funza wake anaingia kwenye ngozi. Joto la pasi linayaua. Hapo msibane.

---

Bi Mkubwa wa Chumbageni
Jumatano, saa 4:30 asubuhi

Wanangu, na kanga je? Doti mpya zinachuja na kuharibu nguo za wenzake.

---

MamaWanne
Jumatano, saa 5:10 asubuhi

Shikamoo Bi Mkubwa. Doti mpya naifua peke yake mara tatu za mwanzo, maji baridi, sabuni kidogo sana, bila kuloweka. Kuloweka ndiko kunakotoa rangi. Naianika kivulini nje ikiwa ndani. Wengi wanasema chumvi inashika rangi, nimejaribu kwenye doti mbili na sikuona tofauti, zilichuja vilevile.

Na kwa kuwa umegusa nguo kuharibika, niseme la dawa ya kung'arisha nyeupe, hizi tunazoziita jiki zote. Mwaka juzi binti wa jirani aliimimina kwenye ndoo iliyokuwa na dawa ya choo, alitaka kusafisha haraka. Hewa iliyotoka ilimkaba, tulimkuta anakohoa ameshika ukuta, machozi yanamtoka. Tulimtoa nje kwenye upepo, akapelekwa hospitali, alipona. Jiki haichanganywi na dawa ya choo, limau, siki wala kitu chochote chenye asidi, inatoa hewa ya sumu. Iwe na ndoo yake, maji yake, na mlango wazi. Kwa nyeupe mimi siitumii zaidi ya mara moja kwa mwezi, inazilegeza nyuzi. Jua la saa sita linang'arisha bure.

---

Binti Usambara
Ijumaa, saa 12:15 jioni

Dada, mikono yake inaendeleaje?

---

MamaWanne
Ijumaa, saa 3:30 usiku

Mipasuko imefunga yote isipokuwa mmoja wa kidole gumba. Glavu anavaa kwenye vyombo, kwenye nguo anasema hazishiki vizuri, kwa hiyo tumegawana: sabuni anaingia mwanangu mkubwa na mdogo wangu wa chuo kwa zamu, yeye anasuuza na kuanika. Soksi na chupi kila mwenye miguu yake anafua mwenyewe akienda kuoga, hata wa miaka saba anaweza soksi.

Wiki ya nne imefungwa leo. Nguo ndoo 24, vyombo ndoo 11. Jumla 35, kutoka 63. Zimepungua ndoo 28, lita 560. Kama zote tungenunua kwa mkokoteni ni shilingi 14,000 kwa wiki. Nilimwonyesha dada ukurasa, nikamwambia hizo ni kilo 560 asizozibeba tena. Alihesabu mistari mwenyewe kwa kidole, kisha akauliza kama daftari linaendelea wiki ijayo.

Linaendelea. Kesho ni zamu ya shuka na mapazia, nitaleta hesabu yake jioni.